Betri za Elfu Tisa na Mia Tisa

Jumatatu, 2 Juni

Siku tukufu! Nahum na Chloé wamekuja nyumbani kutukabidhi pete. Jumamosi wanafunga ndoa, na parrain wao ni mimi, Philémon, katibu wa shule! Mke wangu Noémie ndiye marraine. Tutasimama pembeni yao kanisani, na parrain ndiye anayetunza pete mpaka mchungaji aziite. Pete ya Nahum ni ya sokoni. Ya Chloé ni ya marehemu mama yake, hana kumbukumbu nyingine ya mama. Alipoitoa mkononi alilia kidogo. Nikamwambia alale usingizi.

Jirani yangu Timothée, mwalimu na mtu wa mikrofoni ya kanisa, aliutaka sana uparrain huu. Hakuupata. Nimepita mbele ya mlango wake kwenda na kurudi, nikijikuna sikio. Maana pete ya Chloé nimeivaa kidole kidogo, kwa usalama. Nani ataiba kidole?

Jioni, siku hiyo hiyo

Pete haipo!

Mchana nilipalilia nyuma ya nyumba, nikanawa mikono katika beseni la Noémie, nikala bukari, ugali wetu wa kila siku, nikalala kidogo. Nilipoamka, kidole kitupu. Nimetafuta kwa macho, kwa mikono, kwa ufagio. Noémie akaniuliza nimepoteza nini. Nikasema kifungo cha shati. Akaniangalia sana, akakaza fundo la kikwembe chake kiunoni, akaendelea kufua. Afadhali hajui kitu. Kuwa na mke asiye na mashaka ni baraka kubwa.

Jumanne, 3 Juni

Nimepata wazo, nusura nipige kelele ofisini! Yav, yule anayenunua vyuma chakavu kwenye barabara ya kwenda Base, kambi ya jeshi, ana mashine ya kutafuta chuma ardhini. Unaipitisha juu ya udongo, ikisikia chuma inalia. Amekubali kuniazima, mradi kila chuma nitakachochimba kiwe chake. Ila betri zake zimekufa. Nikatafute nne mpya, za kuchajiwa.

Sokoni nikamkuta nani? Timothée! Anachagua betri za mikrofoni. Ameshika za kijani zilizoandikwa 2000. Pembeni yake kuna nyingine, kijani vilevile, zimeandikwa 9900. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba ile namba kubwa ni wino tu, nipime kwa mkono: “Ile ya uzito njo ya kweli.” Wivu! Mimi ni katibu, hesabu naijua. Nimechukua za 9900. Nyepesi ajabu, kama hazina kitu ndani. Sayansi imeendelea.

Noémie amezitia kila moja nukta nyekundu kwa rangi yake ya kucha, ili zisichanganyike na za watu kule kwa Yav. Maana Yav pia anachajia watu kwa panneau yake ya jua, na leo ilikuwa imejaa simu za wake za wanajeshi. Yav akasema betri mpya zichajiwe zote nne pamoja, zijae kabisa ndipo zitumike, nirudi kesho jioni. Kesho jioni! Nimezitoa alipokwenda kula. Betri ya 9900 hata ikijaa robo inamshinda Timothée.

Jumatano, 4 Juni

Inalia! Mashine inalia! Nimechimba. Boliti ya reli. Nimesogea hatua moja, inalia tena. Boliti nyingine. Nilisahau kwamba nyumba yetu ni ya zamani ya wafanyakazi wa reli, na inaonekana hao wazee walipanda vyuma kama wengine wanavyopanda mihogo. Nimetoa maboliti, kijiko, kipande cha mnyororo wa baiskeli. Yav atatajirika.

Noémie, ambaye huniita kwa jina la binti yetu, aliuliza, “Uko natafuta nini, Papa Talitha?” Nikasema bomba la maji. Akafurahi, akasema basi shimo nilipanue, anahitaji la kutupia takataka. Nimelipanua. Jua kali, udongo wa kiangazi mgumu, mgongo unaniuma.

Jambo la ajabu. Noémie aliponiletea maji ya kunywa, mashine ilipiga kelele nikadhani imeokota reli nzima. Akaondoka, ikanyamaza. Muda si muda ikazimika kabisa. Nimeelewa: betri zikiishiwa nguvu zinachanganyikiwa, zinasikia chuma pasipo chuma.

Nimezianika juu ya bati, jua lizirudishie nguvu. Marehemu baba alifanya hivyo na pile za radio yake, na ikasema tena mpaka mwisho wa mchezo wa mpira. Noémie akapiga makofi ya mshangao: “Ile haiko pile ya radio! Itavimba!” Sikubishana naye. Umeme una wataalamu wake.

Alhamisi, 5 Juni

Zimevimba kidogo. Ngozi yake imekunjamana. Lakini namba 9900 bado inasomeka vizuri.

Nimezipeleka kwa Yav. Na pale, kwenye mfuko wenye jina la Timothée, nikaziona betri zake nne, zimejaa, zimepumzika, hazina kazi mpaka Jumamosi. Kijani kwa kijani. Yav alikuwa nje anapima chuma cha mtu. Wakristo tunaazimana chumvi, tunaazimana viti vya msibani, kwa nini tusiazimane betri? Zake zikaingia mfukoni mwangu, zangu zikaingia katika mfuko wake. Nitazirudisha kesho. Hata hatajua alivyonisaidia.

Ijumaa, 6 Juni

Lazima niseme ukweli, maana hapa hakuna anayesoma: hizi za 2000 zina nguvu. Tangu asubuhi mashine haijachoka. Inalia kwa sauti ya kwaya!

Lakini ule ugonjwa haujapona. Noémie akileta karanga, inalia. Akiinama kuokota ndoo, inalia mpaka kuku wanakimbia. Akienda zake, kimya. Nikamwomba avue hereni. Akavua, akitabasamu. Ikalia vilevile. Basi si betri, ni mashine yenyewe haipendi wanawake. Nikamwomba akae mbali nifanye kazi. Akaniuliza kama nina neno la kumwambia. Nikasema sina. Akaja kuuliza tena baada ya chakula, sauti ya upole kabisa. Nikasema bomba la maji liko karibu.

Timothée akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama parrain anachimba kaburi lake. Nikamgeuzia mgongo, nikachimba zaidi.

Sasa jua limezama na ua wote ni mashimo. Sina pete. Chloé amepita jioni kutusalimu, akasema kesho atamsikia mama yake kidoleni. Nilitaka ardhi inimeze, na nafasi ya kumezwa ilikuwapo kila upande. Nilikimbilia kwa Yav kurudisha betri za watu. Timothée ameshauchukua mfuko wake.

Usikate tamaa, Philémon! Kati ya vyuma vyangu kuna kiduara cha shaba cha bomba la zamani. Nimekisugua kwa majivu. Kinang'aa! Mchungaji haoni vizuri.

Jumamosi, 7 Juni

Kanisa limejaa mpaka nje. Kwaya imeimba. Mchungaji akashika mikrofoni, akasema kwa sauti kubwa, “Sasa parrain atuletee pe—” Na mikrofoni ikafa.

Timothée akaja mbio. Akaifungua mbele ya watu wote, akatoa betri, akazigeuza. Nukta nyekundu. Akainua moja juu na kuuliza: “Hii rangi ya kucha njo ya nani?” Kanisa zima likatazama kucha za marraine. Nyekundu!

Nikaona wakati ndio huu, watu wanatazama kwingine. Nikamkabidhi Nahum kiduara changu. Kikagoma kwenye ukucha wa Chloé. Chloé akakitazama, akanitazama mimi, uso ukambadilika. Akauliza, polepole, pete ya mama iko wapi. Shangazi zake wakasimama. Mmoja akachukua mkoba wake. Nahum akabaki amekishika kile kiduara. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, na Chloé nilimhurumia kweli, kuliko nilivyojihurumia mimi.

Hapo Noémie akasogea mbele, akafungua fundo la kikwembe chake kipya na kutoa pete. Pete yenyewe!

Alisema kwa sauti ndogo, lakini kwa kuwa mikrofoni ilikuwa imekufa watu wote walikuwa kimya, hata walio nje walimsikia: “Ilikuwaka mu beseni ya kufulia tangu ile siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja aniambie.”

Kicheko kile kimefika stesheni. Chloé alicheka na kulia pamoja, pete ikamwingia kidoleni bila shida, na shangazi wakakaa. Mchungaji akamaliza ibada kwa kupaza sauti. Kwenye karamu nilipewa kipaja cha kuku, kwa hiyo sidhani kwamba watu wamekasirika sana.

Jumatatu, 9 Juni

Mjini wananiita Papa Elfu Tisa. Jina kubwa! Timothée amenirudishia betri zangu kwa vidole viwili, naye amechukua zake.

Nimetafakari sana na nimepata somo. Mashine ilikuwa sahihi kabisa! Kilichokosekana ni betri bora. Kwa hiyo naanzisha kazi: kutafuta vitu vilivyopotea, Kamina mpaka Kaniama. Yav ameniachia mashine, hajamaliza kuchukua maboliti. Na sokoni, ajabu ya Mungu, zimefika betri zilizoandikwa 12000! Nyepesi kuliko zile. Nimezinunua zote nne kabla Timothée hajaziona, nikaziweka juu ya kabati.

Baadaye. Betri mpya hazipo juu ya kabati. Nimemuuliza Noémie. Amesema, “Shijue,” yaani hajui. Akakaza fundo la kikwembe chake, akaenda kupika.

Nimetia zile za zamani zenye nukta, nilizozianika tena mchana. Zina pumzi kidogo. Lakini bado ni wagonjwa wale wale: Noémie ameniletea bukari, mashine ikapiga kelele. Akaondoka, kimya. Akarudi na maji, kelele! Betri zikichoka ndivyo zilivyo. Kesho nachimba upande wa jikoni.