Mzaramo wa Wiki Mbili

Gibson alikuwa ananyolewa ndevu kwenye saluni moja ya Tandika pale televisheni ilipotangaza kwamba jumba fulani la makumbusho linatafuta vitu vya kale vya watu wa Pwani. Kinyozi akabadili chaneli aone mpira. Gibson akamwamuru airudishe. Mtu ambaye hajawahi kuingia makumbusho hata kwa kukimbia mvua, ghafla aliupenda urithi wa taifa kiasi cha kutaka kulia.

Kijana huyu alizaliwa Tukuyu, ujanja akausomea mjini, na stashahada akaichukulia Segerea, alikolala miezi minane kwa gharama ya serikali. Siku tatu baadaye alikuwa na kanzu, kofia ya viua, kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na jina jipya: Mwinshehe, Mzaramo wa Maneromango, Afisa Mkusanya Urithi. Makumbusho hayakuwa na habari naye. Aliyekuwa na habari ni tajiri mmoja wa Masaki, ambaye sebule yake ilihitaji kitu cha kale cha kweli.

Mtaa aliouchagua ni Buza, na huko alianzia kwa Badru, dalali wa viwanja.

"Sie ndio wenye mji, braza," alimwambia, "lakini nani anatujua? Familia itakayotoa kitu cha kale inapewa cheti cha wenyeji asilia."

"Cheti hicho kinasaidiaga nini?"

Gibson akatazama kushoto na kulia. "Ishu za viwanja. Siku ya fidia wataanza na wenye vyeti. Mie sijasema kitu."

Tangu siku hiyo Buza nzima ikawakumbuka mababu. Watu waliozoea kuwaambia wachumba zao kwamba ukoo wao umetoka Omani waligundua kumbe ni Wazaramo watupu. Kigoda kilichonunuliwa Jumatatu kilifukizwa moshi wa makuti, na kufikia Alhamisi kilikuwa na umri wa miaka mia mbili. Gibson alivipokea vyote kwa heshima na kuvibandika vikaratasi vya maelezo, huku moyoni akivihesabu kuni.

Badru hakukubali kushindwa na majirani. Alifungua sanduku la bibi yake, Bi Rukaiya, akatoa mwanahiti, kisanamu cha mti ambacho mabinti wa ukoo ule walikaa nacho ndani walipovunja ungo, kizazi baada ya kizazi. Aliyekuwa anafuata ni Najma, dada yake mdogo. Badru akakiviringisha kwenye fulana na kumpelekea afisa. Hapo mimi msimulizi sikucheka, nilichukia.

Bi Rukaiya alipokuta sanduku tupu hakupiga yowe. Alikaa akakumbuka jambo. Wiki iliyotangulia afisa yule alipopita barazani kwake, alimkuta Mzee Suleiman, mchinjaji wa Vingunguti, Mnyamwezi wa Tabora. Mzee alimchokoza, "Karibu, mtumwa wangu," na kijana akainama: "Shikamoo, mzee wangu."

Mzaramo gani humwamkia Mnyamwezi kabla ya kumtukana? Hao ni watani tangu enzi za misafara. Hutukanana wakikutana, huchukuliana vitu hata msibani, na anayenuna ndiye mwenye aibu.

Bibi akachukua simu. "Mtani, nina kazi yako."

Jumamosi asubuhi Gibson alikuwa uwanjani akiwaaga wananchi, Kirikuu ya kukodi ya kubebea mizigo ikimngoja, mkoba wa mwanahiti ukiwa begani. Mzee Suleiman akapenya katikati ya watu na mabuti yake ya machinjioni.

"Mtumwa wangu Mwinshehe! Kofia yangu umeivaa kwa ruhusa ya nani?" Akamvua. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Mzee, tuheshimiane," Gibson alisema.

Wanawake wakakatiza vigelegele wakamgeukia.

"Umemwambia nini mtani wako?" Badru aliuliza taratibu.

Gibson akalazimisha kicheko. "Natania tu! Chukua, mtani, chukua."

"Ahsante. Lete na kanzu."

Kanzu ikavuliwa. Kitambulisho kikafuata. Mzee akaushika mkoba, na Gibson akaung'ang'ania kwa mikono miwili.

"Huu mzigo wa serikali!"

"Mwanangu," alisema Bi Rukaiya kutoka kwenye kiti chake, "Mzaramo hamnyimi mtani. Kama wewe si Mzaramo, sema tu. Watu wote hawa wanakusikia."

Gibson akawatazama watu. Karibu kila mmoja alikuwa ameshauteremsha urithi wake kutoka kwenye Kirikuu na kuushika mkononi: michi, mashoka, na upanga mmoja wa kale kwelikweli. Akauachia mkoba, akaondoka kwa miguu, na bukta yake, akiwapungia mkono kwa tabasamu.

Kisanamu kilirudi sandukuni, na ufunguo sasa anao Najma. Badru alilala barazani siku nne, mpaka alipomwomba dada yake radhi mbele ya watu. Vitu vingine vimepangwa barazani hapo hapo na vikaratasi vyake, na Jumapili watu huja kuvitazama na kubishana ni kigoda cha nani kilichofukizwa zaidi.

Kofia ya viua imetundikwa mlangoni. Chini yake Najma ameandika: "Kofia ya Mzaramo wa Maneromango. Umri: wiki mbili. Mwenyewe akija kuidai, kwanza amtukane Mzee Suleiman."