Redio Zote Lango la Hospitali

Jumatatu, 3 Machi

Kazi nimepata! Shemeji Antena, kaka wa mke wangu, fundi mwenzangu na mwiba wangu wa kila siku, kaikosa. Hospitali, shule na ghala la dawa wameungana baada ya wezi kuwafunga walinzi kamba mara mbili. Wanataka redio zao zote za mkononi ziongee pamoja. Tena mlinzi akibonyeza kitufe chekundu cha hatari, kila kioo kionyeshe ni lindo gani linaomba msaada. Shemeji aliomba wiki mbili, eti redio ni za makampuni tofauti. Mimi nikasema Alhamisi. Mkuu wa ulinzi, mwanajeshi mstaafu tunayemwita Afande, akanikazia macho, akasema nikiharibu nitamtambua. Nikacheka. Mate yamenikauka mpaka sasa.

Mke wangu ndiye anayelinda ghala. Akaniuliza kama kweli nina hakika. Mwanamke gani huyu asiyemwamini mumewe!

Jumanne, 4 Machi

Balaa. Redio za hospitali nzito kama tofali, za shule mpya, bado zina nailoni, za ghala mchanganyiko wa kila aina. Kila kampuni na waya wake, na programu yake kwenye kompyuta. Waya wa redio za shule sina. Anao nani? Shemeji! Nikamtuma jirani muuza viatu akauazime kwa jina lake. Shemeji akamuuliza tangu lini viatu vinaingizwa programu. Akampa waya, na juu yake salamu aniletee.

Jumatano, 5 Machi

Masafa yamekubali, sauti zinasikika safi. Sasa eti kila redio iandikiwe namba yake na jina la lindo lake, moja moja! Zimejaa mezani mpaka uvunguni mwa kitanda. Nani ana muda huo? Nikaiandika ya Afande vizuri, LANGO LA HOSPITALI, kisha nikainakili kwenye zote za aina yake. Za aina nyingine nikazijazia vilevile. Zote zikaitika. Kichwa hiki, acha tu!

Mke akaomba ya kwake ipite kwa kaka yake aitazame. Nikawaka. Nikamwambia achague, mume au kaka. Akaichukua niliyompa.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya jaribio. Afande akabonyeza kitufe pale langoni kwake. Vioo vyote: LANGO LA HOSPITALI. Makofi! Shemeji, ambaye hakualikwa, akasema tujaribu na kutoka ghalani. Jasho likanitoka, sijui kwa nini. Nikasema tutamaliza betri bure. Afande akakubali, maana alikuwa na njaa.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nipo dukani kwangu, redio yangu ikalia. LANGO LA HOSPITALI. Nikaruka kwa furaha, mtandao wangu unafanya kazi! Nikatoka mbio hadi langoni. Walinzi wa hospitali na wenzao wa shule walishafika, virungu juu. Katikati yao Afande, ameketi ananyolewa ndevu, povu shavuni. Redio yake iko mezani, hakuna aliyeigusa. Zikalia tena zote. LANGO LA HOSPITALI. Nikasema ya Afande imeingiwa wazimu, nikaizima. Zetu zikaendelea kulia.

Shemeji akaja anahema, akanipokonya redio, akaanza kuita malindo kwa sauti. Shule wakaitika. Mapokezi wakaitika. Ghala kimya. Akaita tena. Kimya. Mama watoto wangu!

Tulikimbia wote, Afande na povu lake. Tukamkuta mke wangu ameegemeza mgongo kwenye mlango wa ghala, kufuli amelifunga, wezi wawili ndani wanaupiga mateke. Mkono unavuja damu. Redio imepasuka sehemu ya kusemea, kidole gumba kingali kwenye kitufe. Walinzi wakawatoa wezi na kuwafunga. Mke akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema hospitali. Akauliza nani anaumwa.

Nililia mbele za watu, bila aibu.

Jumapili, 9 Machi

Mkono wake umeshonwa. Afande kampa Shemeji kazi yote, na kila redio sasa ina namba yake na jina lake, hata yangu ya dukani. Mke kaniambia chai iko jikoni, basi. Hayo ndiyo maneno yote tangu juzi. Nimejuta, Mungu ananiona. Uzembe sirudii tena.

Alipoingia kuoga nikaichukua redio yake mpya. Shemeji kaiandika GHALA. Ghala! Yaani akibonyeza, Shemeji awahi kufika kwanza, sifa zote zake? Thubutu! Nikaiunganisha na kompyuta, nikainakilia ya kwangu yote, namba na jina. Sasa mke wangu akipata hatari, vioo vyote vitaandika DUKA LA FUNDI. Watakuja kwangu mbio, nami nitawaongoza mpaka ghalani, mimi mbele, Shemeji nyuma, mke ajionee nani anampenda.

Kesho asubuhi anaingia zamu. Sijamwambia, nataka afurahi mwenyewe.