Mafuta Inakupenda, Mafuta Inakukataa

Siku ya posho, Jumamosi asubuhi, Fiacre aliona burweti ya gurudumu moja inasukumwa mu njia ya kiwanja ya mupira. Ndani, kijana moja amenyoosha muguu. Nyuma ya burweti, mbuzi kwenye kamba. Fiacre hakuangalia muguu. Aliangalia mbuzi: ilinona, na ndevu yake ilikuwa ya heshima kama ya katekista. Akasema mu roho: hii haitarudi kwao.

Huyu Fiacre alitokaka Iga Barrière. Mu Bunia alikuwa anauzisha mafuta ya chatu pembeni ya kiwanja, ya kupaka wachezaji wenye kuumia. Ndani ya chupa ile chatu haikupita hata siku moja: ilikuwa mawese na kitunguu saumu. Lakini ulimi wake ulikuwa asali. "Mulishaona nyoka inachechemea? Hapana? Basi, munabisha nini?" Na nani atabishana na nyoka?

Ajabu ni hii: watu wake wote walikuwa wanapona. Tuseme kweli. Zamani Fiacre alipangusaka chini mu hospitali moja, mu chumba ya radio, kwenye wanapiga mifupa picha. Kule alisikia dokta anafundisha wanafunzi: muguu ikiteguka, mutu ajaribu hatua ine. Akishindwa, ao mufupa ya kifundo inauma ukiifinya, ao muguu imepinda, apelekwe radio mbio. Mwenye anatembea, mara mingi atapona na maji ya baridi na kupumuzika. Wanafunzi waliandika mu kaye. Fiacre aliandika mu tumbo.

Basi, mwenye kutembea anamupaka: "Mafuta inakupenda!" na kuku inaingia mu kitunga yake. Mwenye kushindwa anamwambia: "Mafuta inakukataa, kimbia hospitali." Kwa mikono yake hakuna mutu alilemaa. Mwizi, ndiyo, lakini mwizi mwenye mupango.

"Muganga!" Ni Marcellin, prezida wa ekipe ya mupira, anasukuma burweti na jasho mu shingo. "Huyu Hippolyte ndiye anatufungiaka magoli. Kesho ni finale. Umupake acheze, mbuzi ni yako."

"Asimame kwanza."

Hippolyte alikanyaga chini, akapiga kelele mpaka kunguru zikaruka. Hata hatua moja hakumaliza.

Sasa hapo Fiacre alikwama. Akimupaka, kijana atacheza na mufupa ya kuvunjika. Akimukataa, mbuzi inarudi. Na mbuzi ilikuwa inamuangalia na macho ya mapendo.

"Mafuta inamupenda!" akasema. "Lakini inaamuka mu chumba ya radio tu. Namupaka, munamupeleka kule leo leo. Mbuzi ibaki, juu kwa hospitali hawapokeake mbuzi."

"Aksanti, muganga!" Marcellin alishangilia.

"Ngoja." Ilikuwa Mama Bibiane, shangazi ya Hippolyte, mwenye kuuzisha mikate ya mafuta pale pale. Alipangusa mikono ku kikwembe. "Papa Fiacre, miaka mbili nakuonaka. Mwenye anatembea, unamupaka. Mwenye hatembei, unamutuma hospitali. Leo mafuta inapenda namna gani mwenye hatembei?"

"Mama, chatu iko na siri..."

"Siri gani? Kuku yangu ya Noeli ulikula, na nilikuja kwako natembea! Hata nisingepakwa, ningepona!"

"Eh! Hata miye nilikuja natembea!" mutu moja akapiga kelele. "Na miye!" "Na miye, na jogoo juu yake!"

"Prezida," Mama Bibiane akasema, "huyu mutoto atalima na ule muguu. Hatakula goli."

Marcellin alivuta kamba ya mbuzi. Mbuzi iliuzishwa mu njia na bei yake ikalipa radio. Mufupa ilikuwa imevunjika. Dokta alisema, angecheza, angechechemea mpaka kaburini. Finale walifungwa magoli tatu kwa bure. Prezida alilia, akapona bila mafuta.

Fiacre alifunga kifurushi aende kujificha Irumu. Kumbe siku ya kwanza, Jumatatu, anakuta watu wamepanga mustari wanamungojea! Akafungua kifurushi mbio mbio. Wajinga hawaishe.

Wa kwanza alikuwa Katsuva, kifundo imevimba kidogo. Akatembea hatua ine. Fiacre akafinya mufupa: haiumi.

"Weye, mafuta inakupenda sana!"

"Aksanti, papa. Basi, ni maji ya baridi tu?"

"Maji ya baridi, muguu juu ya kiti. Siku tano zikipita na bado inavimba, enda hospitali," Fiacre akajibu, ulimi imezoea. Kisha akashituka: Katsuva alishaenda mbali. "Eh, weye! Na kuku yangu?"

Katsuva akageuka.

"Kuku ya nini, papa? Si umesema inanipenda? Mapendo haiuzishwake."

Na mwenye kufuata mu mustari, naye bila kuku, akavua kiatu.