Yahusu Doa Jeupe Mnalotaka Kulifuta

Ndugu Mhariri wa Kitabu cha Historia ya Kampuni,

Pole na kazi. Kuandika historia ya watu ambao bado wako ofisini ni kugumu kuliko kuandika ya waliokufa, maana waliokufa hawampandishi mtu cheo wala hawamhamishi. Kwa hiyo naanza kwa kukushukuru kabla sijakulalamikia, ili ujue nimelelewa.

Mimi ni mjane wa yule fundi wenu wa blanketi. Huenda humjui, kwa sababu kitabuni hayumo, basi nieleze. Setilaiti ikiwa angani, upande wa jua huungua na upande wa kivuli huganda, kwa hiyo huvikwa blanketi la tabaka nyingi nyembamba, linalong'aa kama karatasi ya peremende. Blanketi hilo hukatwa na kushonwa na mtu kwa mikono yake. Mtu huyo alikuwa mume wangu. Kabla ya hapo alikuwa akishona mapazia, na mpaka anastaafu alikuwa akisema kwamba setilaiti ni dirisha tu, ila halitulii mahali pamoja.

Kitabu chenu kilifika nyumbani mwezi uliopita. Ni kizuri na kizito, na nimekwisha kukitumia kunyooshea picha zilizojikunja. Ndani yake mliweka kikaratasi kinachosema kwamba chapa ya pili inatayarishwa, na kwamba ile picha ya kwanza kabisa kupigwa na setilaiti yenu, iliyo ukurasa wa kumi na saba, itasafishwa kwa mitambo ya kisasa, "doa jeupe liondolewe", kisha itundikwe pale mnapopokelea wageni, ikiwa kubwa kama mlango wa gereji.

Hilo doa ndilo lililonishikisha kalamu. Naomba msilifute. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba, kama nyinyi mlivyoyapanga mafanikio yenu.

1. Sura ya kwanza inasema kampuni ilizaliwa kutokana na Maono, kwa herufi kubwa. Sibishi. Lakini mimi nilikuwa nikipeleka chakula pale, na nilichokiona ni ghala la zamani la magodoro. Sufi ilikuwa imejaa kwenye kenchi za paa, ikidondoka siku nzima juu ya vyombo. Waasisi wote wanne walifanya kazi na vitambaa puani. Mume wangu aliajiriwa kwanza ashone pazia kubwa la kuzuia sufi isiingie kwenye kamera. Mablanketi yalikuja baadaye. Katika kurasa zote za kitabu chenu hakuna hata mtu mmoja anayepiga chafya. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na wasiwasi nacho.

2. Mnasema kampuni ilibadilisha jina mara tatu "kwa kukua". Mara ya kwanza iliungana na watu wa ramani, mara ya pili ikanunuliwa na watu wa minara ya simu, mara ya tatu walionunua nao wakanunuliwa. Kila mara mnaiita ndoa ya hiari. Mimi nimeolewa mara moja na nimefiwa mara moja, kwa hiyo sina uzoefu. Lakini bibi harusi akivaa shela mara tatu, na kila mara akasema maisha yake yanaanza leo, hata wapishi huangaliana.

Kila jina lilikuja na fulana na kikombe. Vikombe tunavyo bado. Fulana za jina la kwanza marehemu alizifanya za kulalia, za jina la pili nilidekia, na za jina la tatu zilichuja rangi zikaharibu soksi zake. Alipofariki mlileta shada la maua lenye utepe wa jina la pili. Nilielewa, lilikuwa limebaki stoo. Nilishukuru kwa moyo. Yeye mwenyewe angecheka mpaka akohoe.

3. Sasa doa. Chini ya picha mmeandika: "Doa jeupe ni kasoro ya kamera." Ndugu Mhariri, lile ni shuka langu.

Jioni moja mume wangu alirudi nyumbani hata kiatu hajavua, akasema, "Mama watoto, kesho mchana inapita juu yetu, na watafungua jicho. Tandika shuka juu ya paa nikuone." Nikamwambia, "Utanionaje mimi kwa kuona shuka?" Akasema, "Nikiliona shuka nitajua mwenye shuka yuko chini yake, ananipikia." Nikamwambia asijipe matumaini kuhusu kupikiwa. Lakini kesho yake nilipanda. Nilichukua shuka la harusi yetu, kwa kuwa ndilo lililokuwa kubwa na jeupe kuliko yote, nikaligandamiza kwa mawe kwenye pembe. Jirani alitoka nje akaniangalia, akauliza, "Leo unaanika usingizi?" Kampuni yenu ilikuwa na siri za biashara na mimi nilizitunza.

Nilipolishusha lilikuwa limeshika kutu ya mabati. Nililifua kwa kila kinachofulia. Ile kutu ilikaa. Nilinuna siku kadhaa, na nikinuna huwa siongei, napanga vyombo kwa sauti. Ndipo akaja na nakala ya picha ameikunja kifuani kama mtu aliyebeba yai. Akaitandaza mezani: mto umejikunja, vijishamba, barabara kama uzi, na hapo kando ya mto, doa jeupe. Akaweka kidole. "Ndilo hili," akasema. "Wewe uko chini yake." Niliacha kununa, Ndugu Mhariri. Nani angeendelea?

Picha ile ilikaa juu ya kitanda chetu miaka yote. Alipokuwa mgonjwa, na mkono umeshakuwa mwepesi, alikuwa akiunyoosha na kuligusa doa, anasema, "Tupo." Karatasi imelika kidogo mahali pale.

4. Kutokana na shuka hilo, kitabu kinasema, iliundwa kamati. Kamati ikapendekeza iundwe idara. Picha ya pili, iliyopigwa juma lililofuata, haikuwa na doa, na Mhandisi Mkuu akapewa medali kwa kulirekebisha. Idara ikapewa ghorofa nzima, na mpaka leo ipo, ikisubiri doa lingine.

Nasema kwa heshima zote: doa lilitoka kwa sababu nililishusha shuka. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na mama mkwe alikuwa anakuja kulala. Mhandisi alirekebisha baada ya mimi kuanua. Sisemi arudishe medali. Ni mtu mzima na huenda ameizoea. Naomba tu tugawane, yeye abaki na utepe nami nipewe chuma. Naomba pia paa langu liorodheshwe pamoja na majengo ya kampuni, na jina la cheo changu, hata likiwa dogo, liandikwe kwenye mlango wa Idara. Kama aliyelitoa doa anastahili medali, aliyelileta kisha akalitoa mwenyewe, bila kamati, sijui mnampa nini. Nawaachia nyinyi.

5. Tangazo lenu linasema: "Hakuna kinachofichika machoni petu." Mnahesabu miti ya msitu na kujua upi umekatwa. Hata hivyo kitabu kilikuja kwa jina la mume wangu, na pamoja nacho mwaliko wa yeye "na mwenzi wake" kupanda jukwaani siku ya maadhimisho. Shada mlileta nyinyi wenyewe. Naelewa kwamba idara ya mashada na idara ya mialiko hazionani, na kwamba kutoka juu watu wote ni vichwa tu. Lakini mti mmoja umekatwa nyumbani kwangu, na setilaiti zenu zote zinapita hapa kila siku.

6. Mkiniambia kwamba kisichoelezeka lazima kisafishwe, basi tusafishe wote. Ukurasa wa tisa mmeweka picha ya waasisi mbele ya ghala. Nyuma yao amesimama Mwenyekiti wenu wa sasa, ambaye mwaka ule alikuwa shule ya msingi. Ameweka mkono kwenye bega la mwasisi wa pili, na bega lenyewe halina habari. Huyo naye ni doa. Ukurasa wa hamsini mnaonyesha sherehe ya muungano wa kwanza, ambapo wote wanatabasamu. Mume wangu alikuwepo na alisema watatu walikuwa wanalia. Mkimaliza kusafisha, mtabaki na namba za kurasa na jalada. Na kama kitabu kina nafasi ya kumwingiza mtu ambaye hakuwepo, nadhani hakikosi nafasi ya kumwacha shuka aliyekuwepo. Nimeandika "aliyekuwepo" kana kwamba ni mtu. Iacheni hivyohivyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa ufupi: doa libaki, na chini yake paandikwe, "Shuka la mke wa fundi." Mengine yote mnaweza kuninyima.

Nisalimie mlinzi wa getini, yule aliyekuwa akinionjea chakula cha mume wangu eti anakikagua. Nisalimie mama wa chai. Nisalimie Mhandisi Mkuu, mwambie sina kinyongo. Na kama kuna njia ya kupeleka salamu huko, nisalimie setilaiti ya kwanza. Mmeandika kwamba imekufa lakini bado inazunguka. Najua. Imevaa blanketi alilolishona yeye, na alisema mshono wa mwisho aliurudia kwa sababu aliota unafumuka.

Nakuaga kwa heshima, nikitumaini kalamu yako itakuwa na huruma kuliko mitambo yenu,

Mjane wa fundi wa blanketi.

Nyongeza: Bahasha nilikuwa nimeshaifunga nikaifungua. Wifi yangu, dada wa marehemu, anayekaa nami tangu msiba, aliomba kuisoma barua kabla sijaituma. Aliisoma amesimama mlangoni, kisha akakaa, akavua miwani.

"Wifi," akasema, "hilo doa ukubwa wake ni kiasi gani?" Nikamwonyesha: kama punje ya mchele. Akaweka kidole kwenye kile kimstari cha chini ya picha chenye vinamba, ambacho mimi miaka yote nilidhani ni pambo, akapima kwa uzi. Doa ni refu kuliko uwanja wa mpira. "Mlikuwa mnalalia shuka la nani?" akauliza. "La serikali?"

Halafu akaniuliza nyumba yetu iko upande gani wa mto. Nikamwambia. Akanionyesha kwamba upande huo haumo pichani. Siku ile kamera ilielekezwa vibaya ikapiga ng'ambo, na paa letu halikupigwa kabisa. Kaka yake alimwambia wakati uleule. Aliazima lenzi ya wapimaji akatafuta paa letu saa nzima ya chakula, wenzake wakimcheka, akalikosa. Akakumbuka nilivyonuna kwa sababu ya kutu. Basi akachagua doa. Wifi alikatazwa kusema, na hakusema hata siku ya mazishi. "Nimeona leo nikwambie," akasema, "afadhali ucheke na mimi humu ndani kuliko wakucheke wao ofisini."

Hatukucheka. Baadaye kidogo tukacheka, mpaka jirani akatoka nje.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nafuta lalamiko la tatu na la nne, na sehemu kubwa ya la sita. Ni kasoro ya kamera, kama mlivyoandika, na maelezo yasiguswe hata nukta. Mhandisi abaki na utepe na chuma, na mumpigie makofi kidogo kwa niaba yangu. Mlango wa Idara uacheni ulivyo.

Ila doa msilifute. Nilipodhani ni shuka langu nilikuwa naomba, sasa nawasihi. Shuka ninalo kabatini, na kutu yake. Doa silo langu wala lenu. Mtu alinitafuta katika picha nzima, akanikosa, akanichagulia mahali.