Kwa Mama Mkwe Aliye Nyuma ya Pazia, Kuhusu Jicho la Ngeleka

Shuleni Dilala, Kolwezi
Darasa la mwisho, upande wa ubao
Alasiri, 1993

Kwako Mama Mkwe, ambaye adabu hainiruhusu kulitaja jina lako wala kuutazama uso wako,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Haina safari ndefu, itapita chini ya pazia. Ningeweza kukuambia haya kwa mdomo, maana tumetengwa na kitenge kimoja tu, lakini wewe ni mama wa mke wangu, na kwetu sisi Baluba mtu hasemi na mama mkwe ana kwa ana, hali chakula naye, wala hapiti mlango anaopita yeye. Tulipokuwa Kapata jambo hilo lilikuwa rahisi, kila mmoja na nyumba yake ya kampuni. Tangu vijana wenye filimbi, wanaosema sisi ni wageni hapa, watufukuze kule na kutuambia turudi Kasai, ambako mimi na mke wangu Darlène hatujawahi kukanyaga, tumebanana familia tano katika darasa moja tukingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, huko Kasai. Mlango uko upande wako, kwa hiyo mimi hutokea dirishani. Sijalalamika juu ya dirisha, ingawa ningeweza.

Anayeandika ni mkweo, Omer Kabeya, aliyekuwa karani wa bohari. Nimeandika barua nyingi za malalamiko maishani mwangu, kuhusu boliti, mikanda ya mashine na mafuta yaliyopungua kwenye pipa, na zilizojibiwa zilijibiwa vizuri. Kwa hiyo nakuomba uzisome hoja zangu kwa mpangilio wake, bila kuruka.

Lalamiko la kwanza. Unaongea na sufuria. Najua mila inaruhusu: asiyeweza kusema na mkwe wake husema na chombo, mkwe akasikia. Lakini Mama, kuna kusema na kuna kutangaza. Jana asubuhi uliiambia sufuria, "Weye sufuria uko na bahati, auna bwana mwenye kujua-jua bitu yote." Darasa zima lilicheka. Mzee Polycarpe, yule anayelala karibu na mlango, alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Nami sikuweza kukujibu, kwa sababu vyombo vyote viko upande wako na huku kwangu kuna ubao tu, na ubao ni mali ya shule. Naomba tugawane vyombo.

Lalamiko la pili ni maziwa. Mtoto wetu mchanga, Ngeleka, alipoamka juzi macho yakiwa na matongo, ulimwamuru Darlène amkamulie maziwa ya titi ndani ya jicho. Agizo hilo halikupitia kwangu, na mimi ndiye baba. Unasema uliwalea watoto wako wote kwa njia hiyo na wote wanaona. Sibishi. Nakukumbusha tu kwamba Darlène ni mmoja wao, na siku ya posa yangu wewe mwenyewe uliiambia sufuria kuwa huyu binti amechagua bwana bila kuona.

Lalamiko la tatu ndilo kubwa, na naomba ukae chini kabla ya kulisoma. Unamkumbuka Mamie, muuguzi wa dispensari ya masista, jirani yetu wa Kapata. Yeye hakufukuzwa, kabila lake si letu, na angeweza kubaki kwake akala ugali wake kwa amani. Alikuja hata hivyo, na mkate ameuficha ndani ya kitenge, akatueleza sote jinsi ya kupima jicho la mtoto. Alisema likitoa machozi na tongo kidogo, weupe wake ukiwa safi na mtoto akilifungua mwenyewe, basi lipanguswe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kutoka puani kwenda nje, kila jicho na kitambaa chake, asitiwe kitu kingine humo, na aangaliwe. Lakini mtoto ambaye hajamaliza hata mwezi, usaha ukipanguswa ukarudi, kope zikivimba, jicho likawa jekundu, huyo hangojewi kesho. Anapelekwa siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha wa namna hiyo unaweza kulila jicho lenyewe, na likishaliwa hakuna dawa.

Mimi kama karani nimelielewa vizuri sana. Ni rafu mbili: rafu ya kuangalia na rafu ya kukimbia. Juzi Ngeleka alikuwa kwenye rafu ya kwanza. Leo asubuhi Darlène aliponipitishia chini ya pazia nimbusu, kope ya jicho la kulia ilikuwa imevimba na jicho halikufunguka, na usaha ulikuwa wa njano. Amehama rafu, Mama. Wewe ukaiambia sufuria, "Treni ikikuya na tuko kwa basista, tutabakia hapa na nani? Batatumaliza." Ukaongeza kwamba tungoje, maji ya Kasai yatamponya. Mama, maji ya Kasai uliyaacha ukiwa bibi arusi. Hayamjui mtoto huyu, wala sidhani kama bado yanakukumbuka wewe.

(Darlène amepenyeza mkono chini ya pazia na kunivuta suruali. Nimemwambia angoje. Sipendi kukatishwa katikati ya hoja.)

Lalamiko la nne ni la jina. Kwa heshima yako nilikubali mtoto aitwe Ngeleka, jina la marehemu bwana yako, aliyekuja kuchimba shaba hapa wakati mji huu ulikuwa bado una miti mingi kuliko watu. Tangu siku hiyo unamwita mtoto "bwana yangu", unamsalimia asubuhi, unamuuliza kama amelala salama. Ni mila, na ni nzuri. Lakini umefikiria inakonipeleka? Kama mtoto ni bwana yako, basi ni baba mkwe wangu, na jicho linalougua ni jicho la baba mkwe. Nitalifungua kwa kidole kwa ujasiri gani? Kwa upande mwingine, kama yeye ni bwana yako, basi ndiye mkubwa wa ukoo humu darasani, na uamuzi wa kwenda kwa masista ulikuwa wake, si wako wala wangu. Nimemsikiliza tangu alfajiri. Amelia sana. Kilio hicho nimekihesabu kama kura ya kwenda.

Lalamiko la tano linahusu nani ambebe. Ningempeleka mimi mwenyewe leo hii, lakini utaratibu unanizuia. Mtoto yuko upande wako. Mimi siwezi kuingia upande wako. Wewe huwezi kunikabidhi mkononi. Tena njia ya kwa masista inapita pale wanaposimama wale vijana wa filimbi, na mwanamume akipita wanamsimamisha, wanamtaka aseme maneno mawili matatu, wasikie ulimi wake umezaliwa wapi. Wangu umezaliwa hapa hapa Kolwezi, lakini hawana subira ya kusikiliza mpaka mwisho. Naomba ieleweke kuwa si woga. Ni suala la utaratibu.

Kwa hiyo nadai, kwa heshima, mambo yafuatayo: kwamba ukubali kwa maandishi, au kwa sufuria, kuwa mimi ndiye mwenye kauli juu ya jicho hili, kwamba uache kungoja-ngoja, kwa maana ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwamba ulete jibu kabla ya jua kuchwa, ili mtoto apelekwe leo. Najua utanijibu kwa ule usemi wa heri kufa macho kuliko kufa moyo. Aliyeutunga alikuwa mtu mzima. Hakuwa mtoto mchanga ambaye hajaona kitu duniani zaidi ya dari la darasa.

Nisalimie wote wa upande huo. Nisalimie Darlène, mke wangu, na umwambie nimeshamaliza, sasa anaweza kusema alichotaka kusema. Nisalimie baba mkwe wangu Ngeleka, ambaye namsikia amenyamaza. Kwa kweli upande wenu umetulia kabisa tangu lalamiko la tatu, nami utulivu huo nimeupokea kama mwanzo wa toba.

Ni mimi mkweo mwenye adabu, asiyekutazama,

Omer Kabeya

Nyongeza: Nimekohoa kama inavyotakiwa, nikapenyeza barua chini ya pazia. Haikupokewa. Nimeivuta, nimeipenyeza tena. Mwishowe Mzee Polycarpe ameniambia nisijisumbue, upande huo hakuna mtu. Mliondoka wino wa habari za rafu ukiwa haujakauka, Darlène mbele, wewe nyuma na mtoto mgongoni. Anasema ulisimama mlangoni, ukageuka, ukakiambia kitenge cha pazia: "Ambia baba ya mutoto, minapangusa busaha, inarudia, kitambaa sijakamula bado. Treni ingine itakuya. Jicho ingine aitakuya. Ye amalize kuandika, tutasoma."

Hapo treni ikapiga honi. Wenzetu wametoka mbio na mizigo yao vichwani. Mimi nimekaa juu ya mizigo yetu nikaisikiliza mpaka ikaisha masikioni. Niliogopa, Mama. Haukuwa utaratibu. Niliwaogopa wale vijana, na ninyi wanawake wawili mmepita katikati yao na mwanangu mgongoni. Kumbe aliyekufa moyo humu ndani ni mimi, na macho yangu yote mawili mazima.

Mzee Polycarpe naye hakuikimbilia treni. Anasema atalinda mizigo, tena anataka kujua barua hii itaishaje. Kitenge cha pazia nimekitungua. Ni kile nilichokuletea siku ya posa, kimelainika kwa kufuliwa. Nisamehe, nimekichana vipande, jicho la kulia na vyake, la kushoto na vyake, navyo vinachemka sasa hivi ndani ya sufuria yako. Vikipoa nakuja navyo kwa masista, nikipitia mlangoni na kwenye njia kubwa.

Nitakapofika usihangaike kutafuta kitu cha kusema nacho. Pazia halipo tena, na sufuria ina kazi. Itabidi uniambie mimi mwenyewe jicho linaendeleaje.