Klabu Yaja Kufundisha Kujitolea

Spana alikuwa amezima injini ya kinu cha posho ipate kupoa, na injini ya Spana ikizimwa ndipo vinywa vya benchi la wanaosubiri kusaga vinapowaka. Jedidah, waliyemwita Redio kwa sababu habari haikulala kwake hata usiku mmoja, alikunjua kipande cha gazeti alichofungiwa sukari dukani.

"Nyamazeni niwasomee. 'Klabu ya Mkono Mwema, yenye matawi Embu, Meru na pande zote za huku, itatembelea vijiji vipya kuwafundisha wenyeji moyo wa kujitolea.'"

"Kutufundisha nini?" aliuliza Wamuyu. Huyu ndiye Chumvi, maana hakuna hadithi aliyoipokea akaiacha bila kuikoleza.

"Kujitolea. Kufanya kazi bila mshahara."

"Ai! Mimi nimechimba handaki la kukizunguka kijiji hiki mpaka nikaona nyayo za watu wa upande wa pili wa dunia. Nimelipwa nini? Hayo masomo nimeyasoma mpaka nimekuwa mwalimu mkuu!"

"Wewe unachimba kwa lazima, Chumvi," alisema Spana, mzee Njagi mwenye kinu, akijifuta grisi kwenye suruali. "Gazeti linataka kwa moyo."

"Moyo ninao. Shida ni yule askari homugadi anayesimama nyuma ya moyo."

Bibi Ciakuthii alikuwa amekaa mwisho wa benchi na debe lake la mahindi. Jina lake la kijiweni lilikuwa Tega, kwa ajili ya vitendawili vyake.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Naenda kazini kwa hiari yangu, na hiari yangu imeshika rungu."

"Hedimani Ngari!" waliitikia wote, na Spana akacheka mpaka akakohoa.

Ciakuthii alicheka nao, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya seng'enge. Huko ndiko lilikokuwa shamba lake la mawele, punje zikiwa bado na maziwa, wakati ambao ndege huzipenda sana. Mwanawe alikuwa kizuizini, hakuna ajuaye atatoka lini, na watoto aliomwachia walikuwa wakilisubiri shamba hilo kwa matumbo yao. Zamani mambo yalikuwa rahisi. Wanawake walifanya ngwatio: leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule, wa kupalilia anapalilia, wa kukaa juu ya dungu na kombeo kufukuza ndege anakaa, na mwenye shamba anawapikia uji. Tangu Hali ya Hatari iingie, wanawake wakikusanyika shambani huitwa mkutano wa siri. Asubuhi filimbi inalia, kila mtu handakini. Dungu limebaki na upepo.

"Jana ndege walishuka kwangu kama blanketi," alisema. "Nikaenda kumwomba Hedimani pasi ya kutoka getini. Akaniuliza sababu. Nikamwambia ndege. Akasema ndege si sababu ya serikali."

"Ungemwambia ni ndege wa Mau Mau," alisema Chumvi. "Saa hii wangekuwa wameshatuma eropleni."

"Shh! Anakuja mwenyewe."

Ngari alitokea katika koti lake refu, jasho likimtiririka shingoni, kwa sababu koti ndilo lililokuwa cheo na cheo hakivuliwi kwa ajili ya jua. Nyuma yake alikuwa memsaabu wa Kizungu mwenye kofia ya maua, amebeba kikapu cha vitambaa vya kijani.

"Simameni! Huyu ni memsaabu wa klabu!" Kisha akainama karibu na benchi, akasema kwa meno yaliyofungwa, "Akiuliza shida, semeni sabuni. Mmesikia? Sabuni tu."

"Jambo, wamama! Iko furaha?"

"Iko, memsaabu!"

"Shida gani iko hapa?"

"Sabuni!" benchi liliitikia kama kwaya.

"Sabuni tu?"

"Sisi tunapenda sabuni, memsaabu, kuliko ugali," alisema Chumvi. "Mtoto akilia usiku tunampa anuse, analala."

Ngari alimkata jicho. Memsaabu alishusha pumzi, akaketi kwenye benchi bila kulipangusa, jambo ambalo liliwashangaza wote.

"Mimi hapana taka kuleta sabuni. Mimi nataka watu ya klabu. Ile tawi ya Meru, pale Kaaga, iko watu mingi sana. Tawi yangu ya Embu iko mimi, na bibi ya daktari, na mbwa yake. Kwa mkutano wote watu ya Meru nacheka mimi." Akainua kitambaa kimoja. "Mtu navaa hii kwa mkono, yeye nasaidia mtu mwingine. Sheria ni hii: hapana jisaidia wewe mwenyewe. Mwingine iko shida, wewe nasaidia."

 

"Memsaabu," alisema Ciakuthii polepole, "niwie radhi, mimi ni mzee, huelewa kwa kuchelewa. Mtu akiwa amevaa kitambaa, yuko njiani kusaidia mwingine, na filimbi ya handaki ilie. Aende wapi?"

Ngari alianza kukohoa kuliko Spana.

"Filimbi? Hapana! Kazi ya klabu kwanza. Bwana DC yeye mwenyewe ndiyo mkubwa ya klabu."

"Na geti?"

"Geti nafungua!"

Ciakuthii akanyoosha mkono wake mkavu. "Basi nifunge, memsaabu. Nitamsaidia huyu Wamuyu. Ndege wanamalizia mawele yake, maskini, naye hana la kufanya."

Chumvi alifungua mdomo kukataa umaskini, akauona uso wa mwenzake, akaufunga. Kisha akanyoosha mkono wake. "Na mimi nifunge. Roho yangu inanisukuma nimsaidie Jedidah. Nimejaribu kuizuia, haizuiliki."

"Na mimi," alisema Redio, "namsaidia bibi huyu, Ciakuthii. Mzee, mwanawe hayupo, nani atamfukuzia ndege?"

Foleni yote ya kinu ilikuwa imesikia. Wanawake waliacha madebe, wakaja na mikono hewani, kila mmoja na jirani yake mwenye shida. Kikapu kilikauka. Memsaabu alirarua skafu yake mwenyewe vipande vipande, macho yakimlengalenga.

"Memsaabu!" Ngari alipaza sauti. "Hawa wanafanya ngwatio! Ngwatio imekatazwa!"

"Ngwatio iko wapi, Hedimani?" aliuliza Ciakuthii kwa upole. "Ngwatio ina uji. Wewe umeona uji hapa?"

"Na handaki atachimba nani?"

"Klabu bado inaandikisha," alisema Spana, akivuta kamba ya kuwasha injini. "Jitolee."

Kinu kikanguruma, na jibu la Hedimani halikusikiwa na mtu yeyote.

Geti lilifunguliwa. Homugadi wa mlangoni aliviangalia vile vitambaa, akamwangalia memsaabu, akapiga saluti kwa vyote viwili ili asikosee. Ciakuthii alipanda dungu la Wamuyu, na kutoka huko juu aliliona shamba lake. Upande wa juu ndege walikuwa wamekwisha kuula, mashuke yamebaki kama vijiti vya kusafishia meno. Lakini upande wa chini ulikuwa bado umejaa, na juu ya dungu lake mwenyewe alisimama Jedidah, kombeo likizunguka kichwani, akipiga ukelele uliostahili jina lake. Ndege waliinuka, wakazunguka, wakaelekea mtoni. Watoto wangekula.

Memsaabu alikuwa chini ya ngazi, kofia imepinda, akitazama wanawake waliotawanyika juu ya madungu mpaka bondeni.

"Mama, mimi nafurahi sana. Naandika Meru leo leo. Mbele klabu hapana kuja, nyinyi hapana jua kusaidia namna hii, sivyo?"

Ciakuthii aliweka jiwe kwenye kombeo, akalivuta, akaliachia. Akalisindikiza kwa macho mpaka lilipotua.

"Kujua tulijua, memsaabu," alisema. "Vitambaa ndivyo hatukuwa navyo."