Hasha Hucheza Akifika Maili Thelathini

Jumanne, 8 Machi 1966. Garissa.

Nimeanza daftari leo. Mtu mwenye akili lazima aache kumbukumbu. Naandika kwa Kiswahili cha skuli, kwa sababu mke wangu Rahmo hakijui hata neno. Hapa niko huru kabisa.

Habari ni mbaya. Hasha anatetemeka! Hasha ni lori letu kuukuu la mnada wa jeshi, magurudumu yote manne yanavuta. Kwa Kisomali jina hilo ni ngamia jike. Maili ishirini kwa saa, ametulia. Arobaini, ametulia. Thelathini kamili, lahaula! Usukani unanipiga vidole gumba, boneti inaruka, meno yanagongana.

Na Jumatatu msafara unaondoka kwenda Wajir. Tangu vita hivi vianze hakuna gari linalotoka mjini peke yake. Mnafuatana na askari, na askari wana amri moja: maili thelathini. Si ishirini na nane. Thelathini! Dunia nzima ina spidi ngapi, na wao wakachagua hiyo.

Lori si langu. Ni la mama mkwe wangu, Ebla, aliyeuza ngamia kumi na wawili kulinunua. Ametuma neno. Hasha akikosa msafara huu, anauzwa kwa Sugow, dereva mwenye lori lake hapa mjini, na mimi naenda Griftu kuchunga ngamia waliobaki. Mimi, Nunow, mwenye leseni! Ngamia waliniuma begani nikiwa na miaka tisa. Sijasahau, na nadhani wao pia hawajasahau.

Jioni Rahmo alinung'unika kwamba mifuniko ya makopo yake ya samli imepotea tangu Ramadhani. Nikamwambia ni mbuzi.

Jumatano, 9 Machi.

Uchunguzi wa kitaalamu. Nimehamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele. Jasho la kutosha kujaza ndoo. Nikamkimbiza Hasha kwenye barabara ya uwanja wa ndege. Bado anacheza. Kwa hiyo ugonjwa uko kwenye matairi yote manne. Nani angedhani!

Mama mkwe alipita. Mimi na yeye hatusemezani. Ni heshima, ndivyo tulivyolelewa: mkwe haangaliani usoni na soddoh wake, mama wa mkewe. Miaka sita sasa kila neno linapita kwa Rahmo, hata tukiwa chumba kimoja. Leo yeye aliongea na ukuta, mimi nikajibu mlango, Rahmo katikati akichambua mchele. Ujumbe wa ukuta: ngamia akichechemea mguu wa mbele, huangalii kwato, unamshika bega. Nikauambia mlango kwamba lori halina bega. Na hata kama lingekuwa nalo, huko mbele chini haiwezi kuwa, maana nilipafungua mwenyewe Ramadhani nikapaimarisha vizuri.

Rahmo aliacha kuchambua mchele kidogo, kisha akaendelea.

Mpango mpya. Usukani ukicheza, ufungwe! Chini ya kitanda kuna kamba nene ya ngozi. Ijumaa asubuhi nitafunga vyuma vya usukani kwenye fremu. Rahmo yuko kwa Maka, mke wa mwalimu, kule anakokwenda kila jioni kujifunza. Kujifunza nini sijauliza. Kushona, nadhani.

Ijumaa, 11 Machi.

Kamba haipo! Rahmo amempelekea mama yake kufungia mizigo. Jana hiyohiyo! Mkosi mtupu.

Lakini Nunow hashindwi na kamba. Nikavua mkanda wangu, ule mpana unaoshika kikoi, nikafunga nao. Maili thelathini: kimya! Usukani imara! Nikapiga kelele za furaha peke yangu.

Kisha ikaja kona ya sokoni.

Hasha hakukata kona. Hakutaka hata kujadili. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Safiyo muuza maziwa. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, isipokuwa maziwa. Nikashuka mkono mmoja umeshika kikoi. Safiyo alianza na mimi, akapanda kwa baba yangu, kwa babu, akawataja mababu zangu mmoja mmoja hadi wa saba, na kila mmoja akampa tusi lake. Wa tano nilikuwa simjui. Sasa namjua.

Na nani alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai? Sugow. Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumamosi, 12 Machi.

Sugow kaja nyumbani, eti ananisaidia bure. Walaal, yaani ndugu, aliniambia, muinue Hasha kwa jeki, ushike gurudumu la mbele juu na chini, ulitikise. Likigonga, pale linapogeukia pamelegea. Kazi ya saa moja. Nikamshukuru, nikamwambia ajishike yeye mwenyewe juu na chini ajitikise. Mtu anayetaka kununua lori lako, umwache alifungue? Mimi si mjinga.

Mimi fikra zangu ziko mbali. Kesho sajenti wa msafara anakagua magari. Anakaa pembeni ya dereva, anataka kuona mshale wa spidi ukisimama kwenye thelathini. Vizuri. Mshale! Nani kasema mshale lazima useme kweli? Baada ya alasiri nilifungua kioo, nikausogeza mshale mbele maili kumi. Sasa ukisema thelathini, kweli ni ishirini. Na ishirini Hasha ni mtulivu. Yaa salaam, kichwa hiki!

Sijamwambia mtu yeyote. Nimeandika hapa tu.

Jumapili, 13 Machi.

NIMEPITA! Sajenti alikaza macho kwenye mshale. Thelathini, usukani haukutikisika hata kidogo. Akasema mbona miti inapita polepole. Nikamwambia afande, miti ya huku ni mikubwa, inaonekana hivyo. Akapiga muhuri.

Nikapita mbele ya kibanda cha chai mara tatu ili Sugow aone karatasi. Mara ya nne alikuwa ameondoka.

Rahmo anafunga mizigo, anatabasamu peke yake. Ananionea fahari, maskini.

Jumatatu, 14 Machi. Njiani.

Daftari nimeliweka juu ya gunia. Nitaandika hivyohivyo.

Malori kumi na mawili. La Sugow lilikuwa mbele yangu, nyuma yangu gari la askari. Hasha amejaa sukari na majani ya chai, kwa hiyo mama mkwe akapanda mbele, Rahmo katikati yetu kama pazia. Nikaweka mshale thelathini. Maili tatu tu, Sugow amekuwa nukta. Askari nyuma wakapiga honi. Pengo! Kwenye msafara pengo ni kosa, hapo ndipo mashifta, wapiganaji wa vichakani, wanapoingilia. Honi tena. Sikuwa na njia. Nikakanyaga hadi mshale ukasema arobaini, yaani thelathini ya kweli.

Subhanallah! Hasha alicheza ngoma ambayo sijawahi kuiona. Kilemba cha mama mkwe kikamshukia puani. Rahmo alinishika mkono, mimi nimeshika usukani, usukani umetushika sote. Tukatoka barabarani, tukapita kichaka, nikaona korongo mbele, nikasoma shahada yote.

Hapo mama mkwe akavunja miaka sita. Alinitazama usoni, akaningurumia kwamba nikanyage breki, punda mimi!

Nikakanyaga. Tukasimama hatua nne kabla ya korongo. Nimezipima. Nne. Rahmo alikuwa analia, na mimi pia, nasema kweli, nililia. Ningemuua mke wangu kwa ajili ya mshale.

Msafara wote ukasimama, askari wakatawanyika vichakani na bunduki, wakinilaani kwa lugha tano. Mama mkwe akaagiza jeki. Gurudumu la mbele likainuka. Akalishika juu na chini kwa mikono yake miwili, akalitikisa. Kloko. Kloko. Bega, akasema. 

Sugow akaja na spana. Akafungua pale juu gurudumu linapogeukia, ambapo huwa kuna vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Ukivipunguza, panakazika. Ukiviongeza, panalegea. Akavitoa kimoja kimoja. Viwili vya kiwandani. Kisha vitatu vya mviringo, kila kimoja na kipande cha picha ya ng'ombe wa kijani.

 Rahmo akavichukua, akaviunganisha, ng'ombe wa makopo yake ya samli akakamilika.

Nilieleza kwamba Ramadhani nilimwongezea Hasha chuma ili awe na nguvu. Mtu anaposhiba si huwa na nguvu?  Sugow alirudisha vya kiwandani tu, akafunga, akamwendesha Hasha maili thelathini huku na huku. Maji kwenye glasi yasingemwagika.

Kisha mama mkwe akamgeukia sajenti na Kiswahili chake cha sokoni. Kwamba mshale huo ni wa uongo, mkwe wake kaugeuza Jumamosi baada ya alasiri. Saa aliijuaje? Nilikuwa peke yangu! Huyu mama si wa kawaida.

Alhamisi, 17 Machi. Habaswein.

Hukumu ya mama mkwe imetoka. Hasha hauzwi. Alhamdulillahi! Griftu siendi. Lakini usukani kapewa Sugow, na mpwa wake anaendesha lake. Mimi ni taniboi. Nakaa juu ya magunia ya sukari, kazi yangu ni kushika jiwe la kuzuia gurudumu. Leseni iko mfukoni, inapata joto bure.

Nimepata nafasi ya kufikiri huku juu, na nimelitambua kosa. Kosa halikuwa vibati. Kosa lilikuwa ni uchache wake! Vitatu upande mmoja, lazima lori litetemeke, ni kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Kila upande ungepata vitano, Hasha angetulia, na mama mkwe angejua nani fundi.

Samli ya Rahmo sasa iko ndani ya sanduku lenye kufuli. Sijui kwa nini, sikumwambia lolote. Lakini duka la hapa lina makopo, mifuniko mizuri, minene. Sugow hulala baada ya adhuhuri. Kesho, akianza kukoroma, nitaingia chini na spana.

Ajabu moja: ukurasa wa Jumatatu una alama ya kidole chenye samli. Panya, bila shaka. Haidhuru. Mpango huu simwambii mtu, naandika humu tu, mahali salama kuliko pote.